Mwalimu Wechuli, Viti Vyake na Sentensi ya Bondo

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026, Mwalimu Enos Wechuli wa Idara ya Eksirei anastaafu baada ya kufundisha katika chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna mwalimu wala mfanyakazi mwingine aliyewahi kukaa hapa muda mrefu kama huo, ukiacha lile jenereta lililo nyuma ya jikoni. Yeye mwenyewe husema kwamba yeye na jenereta walianza kazi pamoja, ila ni mmoja tu anayefanyiwa sherehe.

Mkuu wa Chuo, Bi. Prerna, alimwomba kwanza aandike wasifu wake mwenyewe kwa ajili ya programu hii. Mwalimu alileta mistari mitatu: jina lake, somo lake, na mahali anapokwenda. Ndipo Bi. Prerna akaja mapokezi akaniambia, "Dorca, andika wewe. Andika vile unaongea, usiweke matarumbeta." Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na kazi yangu ni kupokea simu na wageni. Mambo ya eksirei nitakayoyataja ni yale niliyoyasikia kupitia ukutani kwa miaka mingi. Shantel, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ameyapitia ili nisimwaibishe mwalimu wake.

Mwalimu Wechuli alikuja Kisumu mwaka 1995 kutoka Port Victoria, kijana wa miaka ishirini na tisa, pamoja na mkewe Nasipwondi, aliyekuwa fundi wa cherehani. Chuo kilikuwa na mashine moja ya eksirei, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ziwa. Wazee wa chuo wanasema jambo la kwanza alilofanya ni kuliziba dirisha hilo kwa matofali. Mkuu wa wakati huo alimuuliza kwa nini anafunga upepo mzuri hivyo. Akajibu kwamba upepo unaingia sawa, shida ni kinachotoka.

Jambo la pili lilikuwa aproni. Aproni anazovaa mpiga picha zina madini ya risasi ndani yake, ili kuzuia mionzi. Zilipofika kutoka Nairobi, zikiwa nzito kupita kiasi, Mwalimu alimwita askari wa lango na kumwambia, "Bwana, nisaidie kubeba, ndani kuna risasi tupu." Askari huyo alikimbia, akaonekana tena kesho yake, akiwa na kaka yake. Kuanzia hapo Mwalimu alikuwa akiwaonya wanafunzi wapya kwamba neno moja likibebwa na mtu mwingine linaweza kufika likiwa silaha.

Mimi niliajiriwa mwaka 2004. Siku yangu ya kwanza alikuja mezani kwangu na kifaa cha kupima mionzi, akakiweka juu ya meza, akaenda chumbani, mashine ikalia, akarudi, akakisoma. Akasema, "Mama, tafadhali inuka." Nilidhani nimefutwa kazi kabla ya saa nne. Alishika upande mmoja wa meza, nami nikashika mwingine, tukaisogeza hadi karibu na mlango mkubwa, mahali ambapo mnaiona leo. Kisha akaenda kumwambia Mkuu kwamba ukuta ule unahitaji kuongezwa risasi, na akarudi kumwambia kila wiki hadi ukaongezwa. Wageni huniuliza kwa nini meza ya mapokezi imekaa njiani namna hiyo. Imekaa pale kwa sababu ya Mwalimu Wechuli.

Nilimuuliza siku ile mionzi inaumiza nini, kwani mimi sikusikia chochote. Alinieleza polepole, na maelezo hayo sijayasahau. Mwili ni molekuli, nyingi zaidi zikiwa za maji. Eksirei hupita, na sehemu kubwa hupita bila kugusa kitu. Lakini mara moja moja hugonga elektroni iliyo ndani kabisa ya atomi, ile iliyokaa karibu na kiini, na kuitupa nje. Pale ilipokuwa panabaki pengo. Pengo la ndani namna hiyo halikai wazi. Elektroni kutoka nje kidogo huporomoka na kulijaza, na kwa kuwa imeshuka, ina nguvu ya ziada ambayo lazima iende mahali. Mara nyingine nguvu hiyo hutoka kama mwanga. Katika atomi ndogo, kama ile ya oksijeni iliyo ndani ya maji, mara nyingi hupewa elektroni nyingine, nayo hutupwa nje. Hiyo ya pili haikuguswa na eksirei hata kidogo. Molekuli iliyopoteza mbili, ikiwa peke yake, kwa kawaida husambaratika.

Darasani alifundisha hayo kwa viti. Vitabu huita matabaka, yeye aliita nyumba. Viti vilivyokuwa katikati vilikuwa nyumba ya kwanza, vilivyozunguka hivyo vilikuwa nyumba ya pili. Mwanafunzi mmoja alikuwa eksirei, na kazi hiyo iligombaniwa. Aligusa bega la mtu wa nyumba ya kwanza, na huyo alitoka nje ya darasa moja kwa moja. Mtu wa nyumba ya pili aliruka na kukikalia kiti kilichoachwa, na alipokikalia alimnyooshea mwenzake kidole, na mwenzake naye akatoka nje.

Wote waliotupwa nje walikuja kukaa kwenye benchi langu la mapokezi. Kwa hiyo nilijua wamefika wapi katika somo kwa kutazama benchi. Siku moja nilimsikia Shantel mlangoni akimlalamikia Mwalimu.

"Mwalimu, mbona mimi? Mimi sijagongwa na mtu."

"Ndivyo ilivyo, Shantel. Aliyeingia amekuja na nguvu. Lazima mtu atoke."

"Sasa atoke yeye na nguvu zake."

"Hiyo peleka kwa Mungu, mimi ni mwalimu tu."

Akaja akaketi, akaniambia, "Mama Debra, nimefukuzwa na fizikia." Mtihani wa somo hilo alipata alama za juu kuliko wote, na ninaliandika hapa kwa sababu amenikataza kufanya hivyo.

Wapiga picha waliopita mikononi mwake wako katika hospitali nyingi kuanzia Busia hadi Migori. Wakija kutembea, huwa hawaulizi kwanza mashine mpya. Huuliza, "Mwalimu bado anatupa watu nje?" Alikataa katakata mwanafunzi kupigwa picha kwa ajili ya mazoezi tu. Alihakikisha kila mtu, hata wafagiaji, ana beji ya kupima mionzi kifuani. Huyu ndiye aliyetufundisha kusema "kwa nini" kabla ya kubonyeza kitufe.

Mkewe Nasipwondi alifariki mwaka 2009. Hawakujaliwa watoto. Mwalimu hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya nyumbani. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi, kwa mama aliye kando ya lango, alinunua maandazi mawili. Alikuwa akinunua mawili tangu zamani na mkono ulikataa kubadilika. Mwaka ule akaanza kuliweka moja mezani kwangu anapopita. Nilikuwa nikimwambia asante, Mwalimu, naye husema, "Kula lingali moto."

Baadaye alipanga nyumba Nyamasaria, katika ploti tuliyokaa mimi na mume wangu, Odongo. Mlango wake na wetu ilitazamana, kamba ya nguo ikiwa katikati. Odongo alikuwa dereva wa trekta la miwa Muhoroni na alirudi mwisho wa wiki akinuka moshi na sukari. Hao wawili walikuwa marafiki wa kubishana. Jumapili alasiri walikaa nje, Odongo akisafisha samaki, Mwalimu akishika redio ili isikike vizuri.

"Mwalimu, hizo elektroni zako, umewahi kuona hata moja?"

"Hapana."

"Hata kwa mbali?"

"Hata kwa mbali, Odongo."

"Basi wewe ni mhubiri. Sadaka utapitisha saa ngapi?"

Ni hapo kwenye kamba ya nguo ndipo Mwalimu alipotueleza jambo lililokuwa likimfurahisha kuliko yote. Watafiti wa nchi za nje walilithibitisha yeye akiwa tayari ni mwalimu, na alilifuatilia kama watu wanavyofuatilia mpira. Maji hayakai molekuli moja moja. Yamekaa pamoja, bega kwa bega. Moja ikipata pengo na pengo likijazwa, ile nguvu ya ziada inaweza kuruka hadi kwa molekuli ya jirani, na elektroni inayotupwa nje ikawa ni ya jirani. Jirani hupoteza ingawa hakupigwa. Na kwa kuwa jirani amebeba sehemu yake, ile iliyogongwa mara nyingine hubaki bila kuvunjika. Odongo aliweka kisu chini akafikiri. Akasema, "Hiyo sasa naamini. Hiyo nimeiona kwa macho."

Odongo alifariki mwezi wa pili mwaka jana. Aliugua Jumatatu, na Alhamisi hakuwepo. Tulimzika kwao, Bondo.

Yaliyotokea Bondo wengi wenu mmeyasikia, na mmeyasikia vibaya. Hii programu itasomwa na watu wa chuo na watu wa nyumbani kwangu waliokaribishwa leo, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa. Mwalimu anaondoka Kisumu, na si vizuri aondoke na jambo hili likimfuata barabarani.

Mwalimu aliombwa aseme neno kwa niaba ya majirani wa Nyamasaria. Kijaluo anakielewa kidogo tu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, na Ooko, binamu ya marehemu, alitafsiri. Mnajua utaratibu: unasema kidogo, unanyamaza, mkalimani anasema, unaendelea. Kila aliyetangulia alikuwa amesema kwamba Odongo ameacha pengo lisilozibika. Mwalimu aliposhika kipaza sauti alisema hivi:

"Wenzangu wamesema pengo hili halizibiki. Katika kazi yangu pengo halikai wazi. Aliye nyumba ya jirani huingia, tena haraka kuliko kupepesa jicho."

Akanyamaza ili Ooko atafsiri.

Kwetu, mume akifariki, huwa kuna mazungumzo ya nani ataingia katika nyumba ya mjane. Ni mazungumzo ya familia, yana wakati wake na watu wake. Mgeni hayagusi, tena mwili ukiwa bado juu ya ardhi. Na Ooko si mtu wa kutafsiri tu, yeye huongeza chumvi. Watu waliokuwa chini ya hema walisikia kwa Kijaluo kwamba bwana huyu anayekaa mlango wa pili na mjane, asiye na mke, anatangaza kuwa ataingia mwenyewe, na kwamba hatachelewa.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu hata hangoji udongo ukauke." Mwingine akacheka. Ouma, kaka mkubwa wa Odongo, alisimama.

"Mzee, nani amekuuliza hiyo?"

"Sijamaliza, Bwana."

"Umemaliza. Kaa."

Kwaya ikaanza wimbo. Mwalimu alirudi kwenye kiti chake akaweka kofia magotini. Alikuwa na sentensi nyingine mbili au tatu za kusema, na hakuna aliyezisikia.

Baada ya mazishi shemeji zangu walikaa na wazee. Nyumba yangu ya Bondo, ambayo Odongo alikuwa akiijenga, ilikuwa imefika mahali pa kuezekwa. Ikaamuliwa mafundi wasubiri kwanza, hadi ijulikane mimi ni wa nani. Kama Mwalimu angeonekana mlangoni kwangu, basi ningehesabiwa nimeondoka, na sehemu ya binti yangu Debra na mdogo wake katika boma la baba yao ingekuwa na maswali. Hakuna aliyenipigia kelele. Niliambiwa kwa upole, na ndiyo sababu niliamini.

Mwalimu hakungoja kuambiwa. Alihama Nyamasaria, akapanga chumba upande wa Dunga. Siku ya kuhama alisimama mbele ya meza yangu, hapa kazini mbele ya watu wote, akasema, "Mama, milango yetu ikiendelea kutazamana, watu watanimalizia ile sentensi." Alikuwa akiniita Mama Debra. Kuanzia siku hiyo aliniita Mama tu, kama mgeni anavyomwita mwanamke yeyote aliye nyuma ya meza.

Akaanza kununua andazi moja.

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Alikula chakula cha mchana peke yake kwenye ngazi za nyuma, akitazama magugu yaliyofunika maji hadi mbali. Mimi nilikula mezani. Katikati yetu palikuwa na korido moja. Nyumbani nilizoea kusikia redio yake ikitafuta stesheni, na sasa nilisikia kamba ya nguo ikigonga nguzo. Nilikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kuniambia habari za Odongo ambazo sikuzijua, na mtu huyo alinisalimia kwa kuinua kofia.

Na aliacha viti. Wanafunzi wa mwaka huo walifundishwa pengo ubaoni, kwa chaki na mishale. Benchi langu lilikaa tupu. Shantel aliniuliza kama Mwalimu anaumwa. Nikasema labda amechoka.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama mkwe wangu alipata shida ya goti. Watoto humwita Dana, yaani nyanya, na sisi wote tumefuata. Nilimleta apigwe picha katika kliniki yetu. Wanafunzi walikuwa wakifanya kazi na Mwalimu alikuwa akisimamia. Picha ikapigwa vizuri, goti likaonekana ni la mtu aliyetembea sana. Dana alipotoka chumbani akiegemea bega langu, alisimama na kumtazama Mwalimu kuanzia viatu hadi kofia. Kiswahili chake ni cha sokoni na hakioni haya.

"Wewe ndio ile ya kuingia nyumba?"

"Ni mimi, Mama."

"Siku ile ulisema haujamaliza. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Mwalimu alinitazama mimi, kisha sakafu. "Mama, ni mambo ya darasani. Nilikosea mahali pa kuyasema."

"Mahali mimi najua. Nauliza maneno."

Mwalimu akawaambia wanafunzi walete viti, na wakavipanga hapa mapokezi, viwili katikati na vingine kuzunguka. Dana alikalia benchi langu, goti limenyooshwa. Shantel akawa eksirei. Akamgusa kijana wa katikati, kijana akatoka hadi nje uani. Msichana wa nyumba ya pili akaruka ndani. Akanyoosha kidole, na mwenzake akasimama kuondoka.

"Ngoja," Dana akasema. "Huyu anatoka kwa nini? Nani amemgonga?"

"Hakuna aliyemgonga, Mama."

"Na hii kiti hapa?" Alionyesha kwa fimbo kiti ambacho yule msichana aliruka kutoka. Kilikuwa kitupu.

"Ndiyo hiyo, Mama. Hilo ndilo nilitaka kusema. Aliye karibu huingia, lakini anaacha pengo kule alikotoka, na mwingine asiyepigwa anatupwa nje. Pengo la Odongo halikuishia kaburini. Limehama. Nilitaka kuwaambia watu wasimwachie mama huyu na watoto wabebe peke yao, kwa sababu aliye peke yake huvunjika. Majirani wakibeba kidogo kidogo, anaweza kubaki mzima."

Dana aliangalia vile viti kwa muda.

"Ouma aliacha kazi Muhoroni akuje kukaa na mimi," akasema. "Kijana wangu amekufa, yeye ameingia mahali yake. Nyumba yake huko imefungwa na kufuli. Bibi yake anauza samaki ya omena huko Usenge, watoto wake hawako na baba. Ni hiyo?"

"Ni hiyo, Mama."

"Na hakuna mtu alimuuliza Ouma kama anaumia. Tulimwambia tu asante."

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe ulikuwa unaongea juu ya Ouma, na Ouma ndiye alikwambia ukae." Akafuta macho kwa ncha ya leso, halafu akasema, "Na hiyo ng'ombe inaitwa Ooko ikakukata katikati." Hapo watu wote wakacheka, na Mwalimu pia. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, bila sauti, mabega tu.

Mwalimu alipomsindikiza Dana hadi kwenye gari, alinipitia akasema, "Pole na goti la Dana, Mama Debra."

Sijui Dana alimweleza Ouma vipi, maana hakuwa na viti. Ninajua kwamba mwezi wa tano Ouma alifungua ile nyumba ya Muhoroni akakaa na mkewe mwezi mzima, na wadogo zake wakapokezana kulala kwa Dana. Mwezi wa sita mabati yalipanda juu ya nyumba yangu. Mwezi wa saba simu ya mapokezi ililia na sauti ya shemeji yangu ikasema, "Mpe yule mtu wa viti." Nilimwita Mwalimu. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, Bwana Ouma. Hapana, sina kinyongo. Hapana, Bwana, hata mimi ningesimama. Nitaona. Asante." Ouma alikuwa amemwomba afike Bondo, aketi na watu walewale, aseme tena.

Hajafika. Nilipomuuliza alisema kwamba maneno yale yalishawagharimu watu ya kutosha, na kwamba mtu wa umri wake hapendi kukatizwa mara mbili. Alisema hivyo huku akitabasamu, lakini ninamfahamu. Bondo ndipo mahali pekee, nje ya darasa, alipowahi kujaribu kusema kilichokuwa moyoni mwake mbele ya watu, na walimkalisha.

Kesho, Jumamosi, pikapu itachukua vitu vyake Dunga. Vitabu, kitanda, redio, na cherehani ya marehemu Nasipwondi ambayo haijashona kitu tangu 2009. Anarudi Port Victoria, katika nyumba ya wazazi wake iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu. Hakuna anayemngojea huko, na yeye halifichi hilo. Dereva ameniambia watapitia Bondo.

Kwa niaba ya chuo, ninamshukuru Mwalimu Wechuli kwa miaka aliyotupa, kwa ukuta wenye risasi, kwa beji zilizo vifuani mwetu, na kwa kila mwanafunzi aliyewahi kuja kulalamika kwenye benchi langu. Wapiga picha wa upande huu wa ziwa wanafanya kazi kwa uangalifu kwa sababu yako. Uende salama, na huko uendako upate afya, chakula, na mtu wa kubishana naye Jumapili.

Na kwa niaba ya nyumbani kwangu, nimetumwa na Dana niandike haya, kwa kuwa anasema karatasi haitafsiriwi na mtu. Ukifika Bondo, shuka. Ouma atakuwa amesimama barabarani. Ooko amepewa kazi ya kuchinja kuku na ameambiwa afanye hiyo tu. Debra ndiye atakayetafsiri, na ameagizwa asifungue mdomo hadi ukae chini mwenyewe. Tutakuwa tumeketi, Mwalimu. Anza pale ulipoachia, useme mpaka mwisho.

Dorca Atieno
Mapokezi